Mvivu Kama Umeme

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanguka mtihani wa vitendo. Tena! Lakini siku haikuwa mbaya hata kidogo, maana mwalimu wa karakana amenisifu mbele ya darasa zima, nami si mtu wa kusahau fadhila.

Ilikuwa hivi. Tuliambiwa tuunge taa tatu sambamba. Nikaunga. Wenzangu walihangaika na nyaya, mimi nikatoa rula! Taa zangu zikakaa bega kwa bega, mstari mmoja, nafasi kati yake sawasawa. Askari wa gwaride wangeona haya. Mwalimu akaja, akatazama, akaichomoa taa ya kwanza. Zote zikazimika. Akauliza kama hiyo ndiyo sambamba. Nikamwonyesha rula.

Akavua miwani. Akasema sambamba ya fundi umeme si sambamba ya seremala. Kila taa iwe na njia yake ya kwenda na ya kurudi kwenye betri, kila moja ipate volteji yote, na ukizima hii, ile isijue kitu. Mimi nimeziunga mfululizo, mkia wa hii kwenye kichwa cha ile. Mkondo mmoja unapita zote, na volteji taa zinagawana hata hakuna inayoshiba. Nilisikiliza nusu, maana rula ilikuwa imeanguka chini ya meza.

Kisha ndipo akanisifu. Alisema umeme ni mvivu kama mimi: ukionyeshwa njia ya mkato haupiti kwingine, na hapo ndipo shoti inapozaliwa. Darasa likacheka. Wivu! Si kila mwanafunzi anayefananishwa na umeme. Nikamshukuru palepale kwa mikono miwili. Akavaa tena miwani ili anione vizuri.

Akanipa nafasi ya mwisho, Mungu ambariki. Jumatatu ijayo atakuja nyumbani kukagua taa tatu nilizozifunga mwenyewe, sambamba, tena kwa betri tu, kwa kuwa chuo kimetukataza kugusa umeme wa ukutani. Na nipime mkondo mbele yake. Nikiweza, naendelea na masomo. Nikishindwa, jina langu linafutwa chuoni. Mjomba ameshapata habari, sijui nani kampelekea. Ametuma salamu kwamba ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na kwamba kwake hakuna zizi ila kuna banda la kuku linalohitaji mtu wa kulifagia. Ufagio ameshanunua.

Shangazi amesema kule kufananishwa na umeme hakukuwa sifa. Shangazi ni fundi cherehani, sayansi haijui, kwa hiyo sikubishana naye. Nakaa kwake. Chumba ninacholala ndicho alichokuwa akikatia nguo. Aliitoa meza yake ili kitanda changu kiingie, na sasa anakatia sebuleni, akizunguka viti kwa ubavu. Hajawahi kulitaja jambo hilo. Leo kanipakulia nyama nyingi kuliko yake, akaniita Mhandisi. Nashukuru.

Jumanne, 4 Machi

Taa zimefungwa! Moja juu ya cherehani, moja juu ya meza ya kukatia, moja juu ya meza ya pasi. Safari hii nilitumia kamba na timazi ya waashi. Ukisimama mlangoni ukafumba jicho moja, unaiona taa moja tu, maana zimefichana. Hiyo ndiyo sambamba!

Nikaunga betri ya shangazi, ile anayoitegemea umeme wa mtaa unapokatika. Zikawaka. Kwa mbali. Shangazi akauliza kama zinapata moto kwanza, kisha ndiyo ziwake. Akajaribu kutunga uzi kwenye sindano, akajichoma kidole. Akasema ni taa nzuri sana kwa mtu anayetaka kulala. Akazungusha ile ya pasi kuitoa, zote tatu zikafa. Nikamwambia zinashirikiana.

Wakati huohuo akaingia Fyuzi. Huyu ni binti wa nyumba ya nyuma, tunasoma darasa moja, yeye wa kwanza na mimi sitaji wa ngapi. Jina la Fyuzi tulimpa sisi darasani kwa sababu hukatika haraka: neno moja tu la kijinga na mara ameshawaka. Alikuja kuchukua ovaroli aliyopunguziwa mikono. Akatazama juu. Akacheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akasema, kwa upole usio wa kawaida yake, kwamba kama nataka atanielekeza kuanzia mwanzo, jioni zote, lakini kazi nifanye mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nimemshukuru sana. Nikamweleza kwamba mgongo wangu hauniruhusu kuinama. Akakatika.

Ni dhahiri ananionea wivu kwa ile kamba na timazi. Hata hivyo tatizo nimeshalijua, wala halikuhitaji profesa. Taa zina njaa. Chakula chake ni betri. Basi dawa ni betri nyingi!

Jumatano, 5 Machi

Watu ni wema jamani. Dereva wa teksi, mpangaji wa chumba cha mbele, anaumwa mafua na gari limelala. Nilimwomba betri akiwa kwenye usingizi wa dawa, akaguna. Nikahesabu mguno huo kuwa ndiyo. Kinyozi wa kona naye alinipa ile kubwa anayowashia redio yake, bila swali. Nikaziunga betri tatu mkia kwa kichwa, na taa tatu mkia kwa kichwa. Lahaula! Sebule ikang'aa kweupe pe! Shangazi akatunga uzi, akapiga vigelegele. Nikasimama katikati ya chumba kupokea pongezi.

Ingekuwa vizuri kama siku ingeishia hapo.

Shangazi akasema ya pasi inammulika usoni, niizime. Nikaitoa, zote zikazimika, kama ilivyo desturi yake. Basi mimi, kwa akili zangu timamu, nikazishika zile nyaya mbili zilizobaki wazi nikaziunganisha, ili umeme upite moja kwa moja usijali taa iliyoondoka. Njia ya mkato! Taa mbili zilizobaki zikawaka vikali mno, nyeupe ya kuumiza macho. Ya cherehani ikafanya pap! Giza. Sikukata tamaa. Nikaiondoa hiyo iliyokufa, nikaunganisha nyaya zake pia. Taa ya mwisho ikapokea betri zote tatu peke yake. Hiyo haikusema pap. Ilipasuka, na kioo kikamwagika juu ya shati la mteja.

Fyuzi alisikia kishindo kutoka kwao, akaja mbio akidhani kuna mtu kaumia. Alipoona sote wazima alikaa kitako kwanza, ameshika kifua. Kisha akaeleza bila kuulizwa. Taa tatu ziligawana volteji za betri tatu, kila moja ikapata haki yake. Nilipoondoa moja, mbili zikagawana chakula cha taa tatu. Nilipoondoa ya pili, iliyobaki ikala sahani zote na tumbo likapasuka. Nikamwambia asante, nilikuwa nakaribia kusema hivyohivyo.

Dereva ameamka. Amekuja kuchukua betri yake. Kumbe ule mguno haukuwa ndiyo. Nimemwomba radhi, nikamwombea na afya njema, na ameniachia bila kunigusa. Shangazi alichambua vioo kwenye shati kimoja kimoja kwa koleo la nyusi. Kisha akalipiga pasi upya. Ningependa angenigombeza.

Alhamisi, 6 Machi

Imebaki taa moja na siku zinayoyoma. Mtu mwenye akili hugeukia sehemu nyingine ya mtihani. Nimeazima mita ya karakana nikajizoeze kupima.

Volteji nikapima bila shida. Ncha moja chanya, ncha moja hasi, mita ikasoma kumi na mbili na ushei. Nikajiona bingwa. Mkondo sasa. Nikawaza: mkondo unatoka wapi? Kwenye betri. Basi na upimwe hukohuko! Nikazungusha kitufe kwenye ampia, nikagusisha ncha palepale. Mita ikasema tik. Ikanyamaza.

Nikaifungua mgongo. Ndani kuna kidude cha kioo chenye uzi mwembamba, na huo uzi umekatika. Fyuzi imeungua. Nikisema karakana, nitaulizwa. Nikapekua mifuko. Nilikuwa na peremende, na peremende hufungwa kwa karatasi inayong'aa, na kinachong'aa hupitisha umeme. Nikaisokota vizuri, nikaitia mahali pa fyuzi. Mita ikafufuka! Peremende nikala. Hakuna kilichopotea bure duniani.

Shangazi ameniuliza kama mambo yanakwenda. Nikasema yanakwenda kama maji. Akasema hata maji yakikosa mfereji hugeuka matope. Sijui alimaanisha nini, lakini alinichemshia chai yenye tangawizi nyingi, na kwa hilo nashukuru kwa dhati. Baadaye nilimsikia ukumbini akimwambia Fyuzi kwamba kijana wake hana ubaya, ila anaogopa kuonekana hajui. Alaa! Kijana wake yupi? Sina binamu hapa.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimebuni jambo kubwa kuliko yote. Fyuzi anajua kufunga taa. Mimi nina taa za kufungwa. Kinachokosekana ni sababu ya yeye kufunga na mimi kukaa. Asubuhi nikamwambia shangazi nimeteguka mkono wa kulia. Akautazama mkono, akanitazama usoni. Kisha akachana kipande cha bitana, akaufunga mkono wangu kuanzia vidoleni mpaka kiwikoni, akaukaza kweli. Vidole vikafa ganzi. Nikatuma salamu kwa Fyuzi kwamba mgonjwa anamhitaji.

Akaja. Ameleta taa mbili nzima kutoka sanduku la masalia la karakana, kamwomba mwalimu mwenyewe, bila mimi kujua. Akautazama mkono uliofungwa, akasema pole sana ndugu yangu. Nikaugulia kidogo. Akasema itabidi basi atumie ulimi wake. Nikasema ulimi? Akasema ndiyo, yeye ataongea na mimi nitafunga kwa mkono wa kushoto, kwani wa kushoto si mgonjwa.

Sikuwa na pa kutokea. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na mkasi.

Nimeteseka! Mkono wa kushoto haujawahi kushika hata kijiko. Fyuzi akanifanya nivute waya mmoja mrefu kutoka kwenye chanya upande huu wa sebule, na mwingine mrefu kutoka kwenye hasi, ziende pamoja ukuta mzima. Nikauliza taa zitakaa wapi. Akaniuliza kama nimewahi kuiona ngazi. Miti miwili mirefu ndiyo hizo nyaya, kila taa ni kipandio chake, huku imeshika mti huu na huku ule. Kipandio kimoja kikivunjika, vingine si vipo? Na swichi hukaa kwenye kipandio, si kwenye mti. Nikakosea, akakatika, akajirudi. Nikakosea tena. Akanywa maji. Mara mbili alitaka kuninyang'anya bisibisi na mara mbili akakalia mikono yake mwenyewe.

Jioni nikabonyeza swichi ya kwanza. Taa ikawaka yote, betri moja tu! Ya pili ikawaka na ya kwanza haikufifia. Ya tatu vilevile. Nikazima ya katikati, zile mbili zikaendelea kuwaka kama hazikumjua marehemu. Nikaiwasha tena. Nikaizima. Niliwasha na kuzima mpaka Fyuzi akasema inatosha.

Shangazi akatunga uzi mara ya kwanza, hakutia hata mate. Akanishika shavu. Akasema Mhandisi, na leo hakuwa anatania. Nilipotaka kumshukuru Fyuzi machozi yakanijia, nikajifanya mkono unauma. Nina bahati ya watu. Sijui nimewafanyia nini hata nikawapata.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbili nimezitazama taa zangu. Nzuri. Lakini waya! Nyaya kila mahali, kuta nzima! Nikikata ule mrefu wa upande wa pili, nikaziunga taa moja kwa moja, kazi itakuwa nadhifu zaidi na mwalimu atashangaa. Nikaenda sebuleni na bisibisi. Shangazi akauliza naenda wapi. Nikasema kuboresha. Akatoka, akafunga mlango wa sebule kwa ufunguo, akatia ufunguo mfukoni mwa aproni. Akasema Jumapili ni siku ya mapumziko, hata kwa nyaya.

Nikabembeleza. Nikasema mtihani ni wangu. Akasema anajua sana ni wa nani, na kwamba yeye huko kwa mjomba hana hamu ya kunitembelea. Macho yake yalikuwa na maji.

Kisha nikazunguka nje, nikajaribu dirisha. Dirisha lina msumari. Suruali ikachanika kuanzia mfuko wa nyuma mpaka gotini, nikabaki nusu ndani nusu nje mpaka Fyuzi akapita kuanika nguo. Hakuuliza. Alimwita shangazi tu. Shangazi naye hakuuliza, akanivuta miguu. Nimekaa na taulo kiunoni nikimtazama akishona suruali yangu, mshono mdogomdogo usioonekana. Nimemwambia asante shangazi. Akasema nisimshukuru yeye, niushukuru msumari.

Jumatatu, 10 Machi

Ni vigumu kuandika.

Mwalimu amefika akiwa na miwani yake. Shangazi kamkaribisha, kampa kiti kizuri. Mkono wangu ulikuwa bado umefungwa, maana kila nikitaka kuufungua shangazi huuliza unaendeleaje. Mwalimu akanipa pole. Akawasha taa, akazima, akafuata nyaya kwa kidole kutoka betri mpaka mwisho. Akauliza kwa nini nyingine hazikuzimika. Nikasema kipandio kimoja kikivunjika vingine vipo. Akarudia neno kipandio polepole. Nadhani alilipenda.

Akasema sasa nipime mkondo.

Mita mkononi. Nikafanya kama nilivyojizoeza: kitufe kwenye ampia, ncha mbili palepale kwenye betri. Safari hii haikusema tik. Haikusema kitu. Nyaya za mita zikaanza kuchemka mkononi, moshi ukatoka, na sebule ikanuka peremende. Mwalimu akaruka kutoka kitini, akazivuta ncha kwa nguvu, akanisukuma nyuma. Akautazama kwanza mkono wangu kama umeungua. Kisha akaifungua mita. Akavuta karatasi nyeusi iliyosokotwa. Akainusa. Akauliza, kwa sauti ya chini sana: fyuzi iko wapi?

Mimi nilisikia: Fyuzi yuko wapi?

Nikajua nimekwisha. Nikajua ameshajua yote. Nikamwaga mtama kwenye kuku wengi! Nikasema yuko kwao nyumba ya nyuma, na asimlaumu, yeye hana kosa, kosa langu. Yeye ndiye aliyenielekeza kila waya. Mimi nilipasua taa mbili, nikadanganya mkono umeteguka ili anifungie, na mkono huu ni mzima, tazama! Nikavuta bitana mbele yao. Nikasema kama kuna wa kufutwa nifutwe mimi, lakini taa za shangazi zisishushwe, kwa sababu anaona sindano sasa.

Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa.

Mwalimu akasema yeye aliuliza iko. Hakuuliza yuko. Alikuwa anauliza kidude cha kioo cha ndani ya mita.

Nimemalizwa na ngeli! Miaka yote ya shule ya msingi niliuliza ngeli zitanisaidia nini maishani.

Shangazi akamwita Fyuzi, akaja na ovaroli yake, tayari amekatika. Akamwambia mwalimu kwamba hakugusa waya hata mmoja, aulizwe shangazi. Ulimi wake, ndiyo. Mikono, ya huyu. Tena mkono mmoja. Mwalimu akafikiri. Kisha akafungua taa mbili kwa bisibisi yake, akaziacha zinaning'inia, akaniambia niziunge upya, sasa hivi, mbele yake, na Fyuzi afunge mdomo.

Nikashika bisibisi kwa mkono wa kulia. Haukujua kitu! Ulizunguka hewani. Nikaomba ruhusa kutumia wa kushoto. Mwalimu akasema hata mguu. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe: mti huu, mti ule, swichi kwenye kipandio. Fyuzi alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili. Zikawaka.

Mwalimu akatoa fyuzi halisi mfukoni, akaitia kwenye mita, akanipa tena. Mkondo, akasema. Mbele yangu ufagio wa mjomba. Nikatazama ile ngazi. Nikawaza kama nataka kujua watu wangapi wanapita mlangoni, sikai kando ya nyumba, nakaa mlangoni penyewe wanipite. Nikaufungua waya mrefu karibu na betri, nikaiweka mita katikati yake, ncha huku na ncha huku. Mkondo ukapita ndani ya mita na taa zikawaka. Mita ikasoma. Nikasoma kwa sauti. Nikazima taa moja, ikasoma pungufu. Nyingine, pungufu zaidi. Nikacheka peke yangu.

Nimepita. Kwa shida, amesema mwalimu, chupuchupu. Na nimepewa adhabu ya kupanga fyuzi zote za karakana kila Jumamosi, kwa ajili ya ile peremende. Alipokuwa akiondoka akasema nisisahau kushukuru Fyuzi. Nimshukuru au niishukuru, ngeli nichague mwenyewe.

Nimemshukuru. Nimelia na nimelia tena, bila kujifanya kitu kinauma. Fyuzi akasema basi, basi, akanipiga bega. Shangazi akakaa kwenye kiti kile kizuri na hakusimama kwa muda mrefu. Baadaye akatuma salamu kwa mjomba kwamba ufagio autumie mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka na moyo mweupe na nimelitafakari jambo zima. Mtu mwenye shukrani lazima ajiulize: ni nini hasa kilichoniokoa? Nikapima hiki na kile. Rula haikuniokoa. Betri nyingi hazikuniokoa. Jibu nimelipata nikipiga mswaki. Ni ile bitana! Mtihani mzima ulikuwa mgumu mpaka nilipofunga mkono, na tangu nilipoufunga mambo yakanyooka. Ni ajabu hakuna kitabu cha umeme kinachoeleza hili.

Mwisho wa mwezi kuna mtihani wa nadharia. Volteji, mkondo, ukinzani, hesabu zake zote. Hapo mkono hauhusiki. Nimeshaamua. Nitafunga kichwa.

Nimemweleza shangazi. Hakubisha. Amechukua futi yake, amenipima kichwa mbele na nyuma, akaandika kwa chaki mezani. Ameuliza nataka kifungwe chote au upande mmoja. Nimesema chote, asante. Akaenda mlangoni, akaita kuelekea nyumba ya nyuma kwamba ni kama walivyokubaliana, aje na vitabu, tena aje navyo vyote. Halafu akaweka viti viwili chini ya taa ya katikati.

Sijui nani mwingine anaumwa kichwa. Lakini nashukuru kwamba sitakuwa peke yangu.